Jumapili za Ersilia na Nta ya Norina

Ersilia alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, mfuko wa viatu vya dansi begani, manukato shingoni, sauti ilipomfikia kutoka sebuleni.

"Nenda tu, mdogo wangu. Usinijali. Nikianguka nitalala hapohapo chini nikungoje."

Ersilia akaegemeza paji la uso kwenye mlango. Hii ilikuwa Jumapili ya tisa ya kuishia mlangoni.

"Utaangukaje, Norina? Umekaa kitini!"

"Watu huanguka wakiwa kitini. Kule Cotignola kuna mwanamke mmoja—"

"Kule Cotignola wanawake wanaanguka kila ukifungua mdomo! Hakuna hata mmoja aliyebaki wima!"

"Haya, nenda. Nimesema nenda." Kisha, kwa sauti ndogo iliyopimwa vizuri isipotee njiani: "Simu niwekee karibu tu, chini kabisa, mahali mtu aliyelala anaweza kuifikia."

Mfuko ukashuka begani. Wajuao wanawake wa mkoa wa Romagna watakuambia kwamba hawa hupigana kwa sufuria, kwa ulimi na kwa mwiko. Lakini silaha ya Norina ilikuwa upole, na dhidi ya upole wa dada mkubwa hakuna ngao iliyowahi kubuniwa, wala mimi sijaiona, nami nimeona mengi.

Norina alikuwa na miaka sabini na minane, Ersilia sabini na mmoja. Wote wajane, wakiishi ghorofa ya tatu mjini Lugo, katika nyumba ya Norina iliyokuwa na sakafu ambayo ungeweza kuitumia kama kioo cha kuchania nywele. Kila Jumamosi tangu aolewe, Norina alivipaka nta vigae vyake, akavisugua, akavirudia, mpaka kuku angeingia humo angevunjika shingo kabla hajafika jikoni. Mlangoni palipangwa jozi nne za patini, yaani vipande vya sufu nzito vilivyokatwa mfano wa nyayo. Patini hazivaliwi. Unazikanyaga tu, kila mguu na chake, kisha unasukuma, fyuu, fyuu, kama mtu anayepiga deki kwa miguu. Marehemu mumewe alitembea hivyo miaka yote ya ndoa. Padri alipokuja kubariki nyumba wakati wa Pasaka alitembea hivyo. Hata fundi bomba, na begi lake la vyuma mkononi, alitembea hivyo huku akimtaja Bikira Maria kwa namna ambayo padri asingeipenda.

Katika sakafu hiyo, miaka hamsini, Norina hakuwahi kuanguka hata mara moja.

Alianguka barabarani, mwishoni mwa Machi, kwenye kizingiti cha duka la mikate, akiwa amevaa viatu vipya vya soli ya mpira alivyonunuliwa na Ersilia, vile vinavyoshika ardhi kama kupe. Ncha ya kiatu ikagota kizingitini, mkono ukatangulia, kifundo cha mkono kikavunjika. Hospitali wakamfunga plasta, wakampiga na ile picha ya kupima ugumu wa mifupa, na daktari akaitazama, akakuna kidevu.

"Bi Norina," akasema, "mifupa yako imekuwa kama mkate wa juzi."

Kisha daktari akasema mambo mengi ya maana. Akasema ale jibini na maziwa, akae juani, ameze kidonge kimoja kila wiki asubuhi kabla ya kula, atembee kila siku, aimarishe miguu, asianguke. Norina alisikia neno moja tu, lile la mwisho. Mengine yalimpita juu ya kichwa kama mbayuwayu.

Plasta ilitolewa mwezi ulipoisha, lakini Norina hakutoka tena. Wala hakutaka kuachwa peke yake. Na ubaya wenyewe ni kwamba Ersilia alikuwa na Jumapili zake.

Kila Jumapili saa tisa alasiri, kwa miaka minane, Ersilia alikwenda ukumbi wa dansi nje kidogo ya mji kucheza walsi, polka na mazurka na Bwana Oreste, mstaafu wa reli mwenye masharubu yaliyochanwa. Hawakuwa wapenzi. Walikuwa jambo gumu zaidi kulipata katika umri huo: watu wawili ambao miguu yao inaelewana. Wiki nzima Ersilia alipika, alifua, alisikiliza habari za wanawake wa Cotignola, na aliweza kuyavumilia yote kwa sababu ya saa tatu zile.

Simu ikalia akiwa bado amesimama mlangoni. Nyuma ya sauti kinanda cha mkono kilikuwa kikijaribiwa.

"Unakuja, Ersilia?"

"Siji."

"Hm." Oreste akakohoa. "Sikia basi, malkia wangu. Mimi sina neno. Ila mashindano ni Jumapili ya tatu kutoka leo, na Iole ameniuliza mara mbili kama nina mwenzi."

"Iole! Yule anayecheza mazurka kama anakanyaga zabibu?"

"Anakanyaga, ndiyo. Lakini anakuja."

Ersilia akakata simu, akapita sebuleni juu ya patini zake, fyuu, fyuu, kwa hasira yote ambayo mtu anaweza kuionyesha akiwa anateleza. Si nyingi. Jaribu siku moja kukasirika huku umesimama juu ya sufu.

"Ni Oreste?" akauliza Norina.

"Nyamaza, dada."

"Msalimie."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema tufanyeje pale mkuu ndiye asiyesikia, maana wahenga hao hawakuishi na Norina.

Jumanne yake Ersilia alipata wazo. Kama dada yake anaogopa kuanguka, jambo la kwanza si kuondoa utelezi nyumbani? Akaliiba kopo la nta kabatini, akalificha, akaenda sokoni akiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Aliporudi na mfuko wa mboga, akamkuta Norina jikoni. Alikuwa amesimama juu ya kigoda. Kigoda kilikuwa juu ya vigae vilivyopakwa nta. Mikono yote miwili ilikuwa ikipapasa juu ya kabati la vyombo.

Ersilia hakupiga kelele, akiogopa kelele yenyewe ingemwangusha.

"Dada," akanong'ona. "Shuka."

"Nta yangu iko wapi?"

"Shuka kwanza."

"Sema kwanza."

"Norina, kwa jina la watakatifu wote, mifupa yako ni mkate wa juzi!"

"Na wewe ni mwizi wa leo. Nta iko wapi?"

"Ndani ya mfuko wa viatu vyangu vya dansi."

"Ala." Norina akageuka juu ya kigoda kile, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, bila kushika popote, kama paka anayeshuka dirishani. "Ulijua huko hakuna atakayetazama, maana hautumiki."

Ersilia akaketi juu ya mfuko wa mboga. Kitu kikapasuka ndani yake, nadhani ni nyanya.

"Hebu nieleweshe," akasema, "mimi mjinga niliyesoma mpaka darasa la tano. Huwezi kushuka ngazi zenye kitu cha kushika, mchana kweupe, nikikushika mkono. Lakini unaweza kupanda kigoda juu ya barafu."

"Watu huanguka nje. Nyumbani hapa kila kigae nakijua jina."

Ndipo Ersilia alipopiga simu zahanati, kwa siri, akiwa amejifungia chooni na kufungulia maji.

Alhamisi akaja msichana wa mazoezi ya viungo, Samuela, mwenye nywele fupi na daftari. Alipooneshwa patini alicheka, akidhani ni zulia la paka, akapiga hatua mbili za kawaida ndani ya nyumba. Hatua ya tatu ilikwenda bila yeye. Alijikuta amekumbatia kitundikio cha makoti, koti la marehemu mume wa Norina likimfunika kichwa.

"Karibu, mwanangu," akasema Norina. "Zikanyage tu. Ndiyo kazi yake."

Samuela akatoka kotini mwekundu. Akaandika daftarini kitu kirefu.

"Bi Norina, naomba usimame kwa mguu mmoja. Nitakushika."

"Unishike ya nini?" Norina akainua mguu wa kushoto kama korongo mtoni. Samuela akahesabu kwa saa yake. Ilipofika thelathini Norina akaanza kupiga miayo. Ilipofika arobaini akamwambia Ersilia supu inataka kumwagika, akapunguze moto.

Samuela akaitazama saa, akaitikisa. "Na wewe, Bi Ersilia? Jaribu tu."

Ersilia, aliyecheza dansi miaka minane, akainua mguu. Moja, mbili, tatu. Kwenye tisa akalishika jokofu.

"Ni hivi viatu," akasema.

"Uko pekupeku," akasema Norina.

Samuela akawatoa wote wawili nje ya mlango, kwenye baraza ya ngazi yenye saruji iliyokwaruzika, akamwambia Norina atembee mpaka mlango wa jirani na kurudi. Norina akatembea. Kru, kru, kru. Soli zikakwaruza saruji mwanzo hadi mwisho, hazikuachana nayo hata kwa unene wa jani.

"Inua mguu, Bi Norina."

"Nimeinua."

"Hujainua."

"Mwanangu, nimeanza kutembea kabla mama yako hajajua kutambaa."

"Ndiyo, lakini hutembei. Unateleza." Samuela akachuchumaa, akaonesha kwa kidole alama mbili nyeupe ndefu sakafuni. "Tazama. Miaka hamsini umesukuma vile vitambaa. Mizani ya mwili wako ni ya ajabu, sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wako. Lakini miguu imesahau kupanda. Ndani unakwenda vizuri kwa sababu hakuna cha kukwaza. Ukitoka nje, kizingiti cha inchi moja kinakutosha. Na ukiwa na soli za mpira, ndiyo kabisa."

Ersilia alikuwa akihesabu moyoni: Jumapili tisa, Iole, zabibu.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mimi nimefungwa ndani miezi miwili kwa ajili ya nta."

"Ni viatu vyako vilivyoniangusha," Norina akasema. "Si umesikia? Soli za mpira."

"Norina!"

"Bi Ersilia, tulia. Bi Norina, nisikilize na wewe." Samuela akafunga daftari. "Mifupa ni dhaifu kweli, hilo sikufichi. Ukianguka vibaya unaweza kuvunja nyonga, na hilo si jambo la mchezo. Lakini ukikaa kitini kwa kuogopa, miguu itakwisha nguvu, mifupa itazidi kulegea, na hapo utaanguka hata ndotoni. Fanya mazoezi. Ota jua. Na nta itoke."

"Nta haitoki."

"Wanaokutembelea wataumia. Mimi nusura niumie."

"Wewe hukukanyaga patini."

"Dada, mtu mzima unashindana kwa ajili ya sakafu!" Ersilia akalipuka. "Sakafu! Si mtoto, si mume, sakafu!"

Norina akamtazama Samuela.

"Mama yetu alikuwa kibarua wa mashamba," akasema. "Tulikuwa tisa katika vyumba viwili. Hatukuwa na sahani sita zinazofanana. Sakafu ya matofali ile aliipaka nta aliyoombaomba kwa mtunza kanisa, mabaki ya mishumaa. Siku moja mke wa mwenye shamba alikuja kutufokea jambo fulani. Alipofika mlangoni akaiona sakafu. Akasimama. Akavua viatu." Akanyoosha aproni yake. "Yule mwanamke alivua viatu nyumbani kwa mama yangu."

Ersilia aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa chini ya meza, mtoto wa miaka minne, na alichokiona ni soksi za hariri zilizotoboka kwenye kidole gumba.

Baada ya nusu saa ya biashara ambayo wauza farasi wangeionea wivu, walikubaliana: jikoni na kwenye ukumbi wa kuingilia nta itoke, sebuleni ibaki kwanza. Samuela hakufurahi, ila alikuwa na wagonjwa wengine na goti lilikuwa linamuuma.

Na nani aliyeitoa? Ersilia, kwa magoti, siku mbili, na maji moto na magadi, akikwangua tabaka juu ya tabaka mpaka akafika, naapa, kwenye nta ya mwaka wa harusi. Norina alikaa kitini akiinua miguu ili apitishe kitambaa.

"Hapo umeacha."

"Sijaacha."

"Pembeni ya jiko. Kama ulimi wa ng'ombe."

Karatasi ya mazoezi aliyoiacha Samuela, yenye picha za mwanamke mwembamba akiinuka kitini mara kumi, Norina aliiweka chini ya sufuria ya supu. Alisema hamjui mwanamke huyo. Ersilia aliisoma karatasi yenye duara la supu: inua goti, shusha, inua. Akaitazama kwa muda. Kisha akaenda kwenye simu.

Kwa maana mazurka, kwa mtu asiyeijua, ni dansi ya kurukaruka. Walsi unaweza kuiteleza hata ukiwa umelala usingizi. Mazurka haimsamehe mguu mvivu. Usipoinua goti, mwenzi wako atakupita juu.

Oreste alikuja siku iliyofuata, saa nne asubuhi, masharubu yakinukia mafuta, na kinasa sauti cha zamani kwapani. Akamwinamia Norina.

"Bi Norina, nimekuja kukuomba dansi hii."

"Nikianguka?"

"Nitaanguka mimi kwanza, wewe uangukie tumbo langu. Limejengwa kwa mikate ya piadina miaka sabini, ni laini."

Norina akamtazama tumboni, akapima, akakubali. Wakaanza. Moja-mbili-hop. Miguu ya Norina iling'ang'ania vigae kama mtu anayetaka kung'oa kisiki.

"Inua, Bi Norina!"

"Nimeinua!"

"Hajainua!" akafoka Ersilia kutoka kwenye sinki.

"Wewe kuna anayekuuliza?"

Kutoka chini, Bwana Gino wa ghorofa ya pili akagonga dari yake kwa mpini wa fagio. Oreste akadhani anashangilia, akaongeza sauti.

Siku ya tatu goti la kulia lilianza kupanda. Siku ya tano la kushoto likaona wivu, likafuata. Kila asubuhi baada ya dansi walikaa kwenye kibaraza juani, Norina na kipande cha jibini mkononi, Oreste akimsimulia ajali za treni ambazo zote yeye ndiye aliyezizuia. Ersilia alimenya viazi. Siku ya nane alimkuta dada yake saa tatu na nusu mbele ya kioo, amevaa hereni.

"Hereni?"

"Masikio yalikuwa yanahisi baridi."

"Ni mwezi wa sita, Norina!"

"Na Oreste anachelewa," akasema Norina.

Hapo Ersilia aliingia sebuleni, akafunga mlango, akakanyaga patini, akazunguka meza mara sita, fyuu, fyuu, ili asiseme maneno ambayo Bwana Gino angeyasikia. Alikuwa amepigania mwenzi wake wa dansi asichukuliwe na Iole. Ikawa nini? Amemleta kwa mkono wake mwenyewe, amemkalisha juani, amemkatia jibini.

Lakini bado palibaki ngazi. Arobaini na sita, kutoka mlangoni mpaka barabarani, na mtu anayecheza mazurka jikoni si lazima awe mtu anayetoka nje. Asubuhi ya Jumapili ya mashindano Norina alisimama juu ya ngazi ya kwanza, koti limefungwa vifungo vyote, mkono kwenye chuma. Akatazama chini. Vidole vyake vikawa vyeupe.

"Leo siwezi," akasema.

Sauti haikuwa ile ya upole uliopimwa. Ersilia aliijua ile ya upole kama anavyojua harufu ya nyumba, hii hakuijua. Alikuwa ameandaa maneno makali ya kutosha ngazi zote arobaini na sita. Akayameza. Akashuka ngazi moja, akageuka, akasimama mbele yake.

"Nikuambie kitu, dada? Mimi nimechoka nawe mpaka kwenye kucha."

"Najua."

"Basi inua mguu, tuchoke tukiwa nje."

Norina akainua. Wakashuka hivyo, Ersilia kinyumenyume, Norina akihesabu kwa sauti, na ghorofa ya pili Bwana Gino akafungua mlango kuona ni nani. Mbele ya duka la mikate Norina alisimama mbele ya kile kizingiti. Akakitazama kama mtu anavyomtazama mkwe aliyemtapeli. Kisha akapandisha goti juu, juu kupita haja, mpaka mwokaji ndani akadhani anataka kumpiga teke, akakipita.

"Inchi moja," akasema. "Kumbe hata haikufika."

Saa tisa ukumbi ulijaa. Katika kumbi zile, kabla ya dansi mtu hupita na kopo akinyunyiza poda sakafuni, ili soli ziteleze vizuri. Siku ile, kwa kuwa ni mashindano, mwenye ukumbi alinyunyiza kwa upendo poda ya siku kumi. Norina aliketi pembeni, mkoba magotini.

"Hii sakafu haijapata nta," akamwambia mtu asiyemjua. "Wanaficha kwa unga."

Jozi tisa zikasimama. Ersilia na Oreste walikuwa namba tano, Iole na bwana mmoja kutoka Massa namba sita. Kinanda kikavuta pumzi, mazurka ikaanza, na Ersilia, baada ya Jumapili kumi na moja za kiu, akaruka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akaruka vizuri. Akaruka tena, kwa madaha, akimtupia Iole jicho la pembeni kuona kama anaona.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini hii haikufika hata huko. Soli ikatua juu ya poda, ikaendelea na safari. Pap! Ersilia akakaa chini katikati ya ukumbi, miguu mbele, gauni limechanua.

Muziki uliendelea kidogo, kisha ukafa kwa aibu. Watu wakamkimbilia, wakaanza kuteleza wenyewe. Mmoja alimshika mwenzake, wakazunguka wote kama mlango wa benki. Na kati yao akapita mwanamke wa miaka sabini na minane, mkoba mkononi, hainui mguu hata kidogo: fyuu, fyuu, fyuu, moja kwa moja kama treni ya Oreste, mpaka kwa mdogo wake.

"Usiguse chini kwa mkono," akasema Norina. "Vidole vya miguu, chezesha. Nyonga?"

"Haiumi."

"Mkono?"

"Hauumi. Heshima ndiyo inauma. Niinue!"

Lakini Norina hakumwinua mara moja. Alisimama akimtazama pale chini, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayeangalia kitambaa sokoni.

"Ala," akasema. "Kumbe ni hivi tu?"

"Hivi nini?"

"Kuanguka. Miezi mitatu nakuwaza usiku na mchana. Ukikuona kwa mwenzio, wala hakuna makubwa."

"Norina, watu wanatutazama!"

"Ngoja kidogo. Bado naangalia."

Oreste na Norina wakamwinua, huku na huku. Ersilia akapangusa poda matakoni, akamwambia mpiga kinanda aanze tena toka mwanzo, kwa sauti iliyomfanya aanze. Wakamaliza. Wakawa wa nane kati ya tisa, nyuma yao Iole pekee, ambaye mwenzi wake wa Massa goti lilimkataa. Paja la nguruwe lililokaushwa, ambalo ndilo zawadi, lilikwenda kwa watu wa mbali. Baada ya matokeo ikapigwa walsi, kisha nyingine, na zote mbili Norina alicheza na Oreste, akiteleza juu ya unga ule hata watu wakawapisha. Ersilia alikaa pembeni na mkoba wa dada yake magotini na barafu chini ya makalio.

Siku ya pili, Jumatatu, hajamaliza kahawa, akasikia sauti kutoka kwenye ngazi.

"Ersilia! Unavaa au hujavaa?"

"Nivae niende wapi?"

"Kwa Samuela, kisha hospitali ukapigwa ile picha ya mifupa. Nimekuandikisha. Mtu mwenye sekunde tisa za mguu mmoja, anarukaruka mbele ya watu, hajui mifupa yake ni mkate wa siku ngapi!"

"Mifupa yangu ni mizima!"

"Na mimi nilisema hivyohivyo. Vaa viatu vya maana. Na usishuke peke yako, mdogo wangu, ukianguka mimi nitafanya nini?"

Ersilia akashika kitasa cha mlango, akaegemeza paji la uso hapohapo mahali pake pa siku zote. Kutoka chini, ghorofa ya pili ama ya kwanza, nyayo zilikuwa zikishuka, moja baada ya nyingine, zikiinuliwa juu kabisa na kushushwa kwa kishindo, na Bwana Gino alikuwa ameshaanza kugonga kwa mpini wa fagio.